Mbweha wa Maman Couture

Kwenye kola ya koti lake la kazi kulikuwa na sindano, kila siku, na uzi umeshatungwa. Ukiingia chumba chake cha kufulia na kifungo kinaning'inia, hakukusalimu kwanza. Alikushika bega, akakishona hapo hapo ukiwa umesimama, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza: "Bon. Umeamukaje? Mama yako eko muzuri? Chauffage inatembea?" Yote matatu, hata hilo la mashine ya kupashia nyumba joto, alitaka yajibiwe, na kwa mpangilio huo. Siku nilipomwambia kwamba mama yangu alishafariki, alisema pole, akanishika mkono. Kisha akauliza, "Na chauffage?"

Wanafunzi walimwita Maman Couture, walimu vilevile, hata mkuu wa shule. Alikuwa mfuaji na mshonaji wa sekondari yetu, kule Brussels, Uccle inakopakana na Forest: vitambaa vya meza vya kantini, jezi za timu, mapazia, mavazi ya maigizo. Yeye alitoka Bukavu, Kongo, mimi Morogoro. Kazi yangu ni kusimamia wanafunzi nje ya darasa, langoni na kwenye korido. Katika wafanyakazi wote tulikuwa Waswahili wawili tu, mimi aliniita maman, kama alivyowaita wanawake wote, na Kiswahili changu alikiita cha redio. "Sema tena ile," alikuwa akisema. "Sema 'hatimaye'." Nikisema, anacheka mpaka anakaa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Jiko nalikagua mara tatu kabla ya kutoka. Mkataba wangu wakati huo ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila majira ya kuchipua nilikaa roho juu mpaka barua ije. Yeye sikuwahi kumwona akihangaikia barua. Nadhani ndiyo maana nilipenda kukaa chumbani kwake, penye joto la pasi, nikimtazama akifanya mambo kana kwamba hakuna ofisi yoyote duniani.

Futi ya kupimia aliivaa shingoni, lakini sikumwona hata mara moja akiitumia. Alikutazama toka viatuni kwenda juu, akasema "geuka", basi. Nguo ikija, inakukaa. Mara moja tu vazi la mwalimu wa hisabati lilimbana, naye akamwambia mwalimu mbele ya kundi zima la maigizo kwamba kosa si la mshonaji, ni la Krismasi.

Na hakutupa kitu. Jezi zilizochakaa ziligeuka matambara ya kufutia ubao, pazia la ukumbi lilirudi jukwaani likiwa sketi ya malkia, na ukikagua upindo wa malkia uliziona tundu za pete. "Kitu iko muzima, banaitupa juu ya nini?" Hivyo hivyo alisema kuhusu watu. Kanisani kwao, jengo lililokuwa gereji zamani, alikuwa anaimba sauti ya pili na kuwafuata nyumbani walioacha kuja. Alikuwa mtu wa sala kweli kweli, lakini mashine ya kushona ikikwama aliitukana kwa Kilingala, matusi ambayo alikataa katakata kunitafsiria. Alichukia baridi, lakini alipiga pasi dirisha likiwa wazi mwezi wa Januari. Alipenda mashindano ya baiskeli kwenye televisheni, akawajua waendeshaji kwa mapaja yao, na akasema aibu ni ya hao wanaovaa suruali ile, si ya mwenye kuangalia.

Siri ndogo zilimshinda. Suruali ya mkuu wa shule ilichanika asubuhi ya ukaguzi, akaishona mkuu akiwa amejificha nyuma ya ubao wa pasi na soksi zake. Akamwapia kwamba jambo hilo litazikwa naye. Kufika saa sita mchana hata mpishi alijua rangi ya soksi. Nilimwuliza, Maman, si uliapa? "Niliapa sitasema suruali," alinijibu. "Soksi hakuniapisha."

Sasa nifike kwa Mfalme.

Shule ile ilikuwa na kinyago chake cha bahati, cha tangu zamani za mababu wa wanafunzi wa sasa. Wenyewe walimwita Mfalme Mdogo. Kilikuwa kichwa kikubwa cha karatasi na gundi, juu ya fremu ya fito inayokaa mabegani: uso mweusi tii, midomo myekundu minene, macho ya kutoka nje, taji la mifupa, na chini yake sketi ya majani. Mtu alikivaa, akitazama kupitia kinywa kilichoachwa wazi, akacheza kwenye mechi na kwenye sikukuu ya shule ya mwezi wa tano. Watu wazima wenye mvi walipiga nacho picha na machozi ya utoto machoni. Niliajiriwa mwezi wa nane, nikakiona kwa mara ya kwanza mwezi wa tisa, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka kengele. Sikusema neno. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja.

Yeye ndiye aliyekitunza. Kilikaa juu ya kabati lake, kimefunikwa shuka. Alikifuta vumbi, alisafisha majani kwa sabuni ya watoto, alipaka rangi pale palipobanduka. Nilimwuliza anawezaje. Akasema kazi ni kazi. Lakini siku nyingine, tukikunja vitambaa vya meza, akanihadithia bila kuulizwa kwamba mwaka wake wa kwanza pale, kwenye sikukuu, mzazi mmoja alimwomba asimame karibu na Mfalme ili awapige picha. Mzazi akasema, haya, picha ya familia. Wote wakacheka.

"Na wewe?"

"Nilicheka," alisema. "Miye pia nilicheka. Ile kicheko njo inaniuma, maman. Bale bengine nilibasamehe."

Tulikunja vitambaa vyote vilivyobaki.

Aliyemwondoa Mfalme alikuwa binti wa miaka kumi na sita. Baba yake ni mtu wa Bukavu, dereva wa lori. Maman Couture hakuwa na undugu naye, lakini binti alimwita koko, yaani bibi, akawa anakula chakula chake cha mchana pale kwenye chumba cha kufulia. Barua zake zote kwa uongozi wa shule aliziandikia juu ya ubao wa pasi. Alikusanya saini, alisimama mbele ya kamati ya wazazi, alitukanwa kwenye ukurasa wa mtandao wa wanafunzi wa zamani, maneno ambayo mimi niliyasoma yote. Miaka miwili. Mimi nikipita naye korido nilikuwa nasema "jikaze", kwa sauti ya chini, nikiangalia kwanza kama kuna mtu nyuma.

Akashinda. Shule iliamua kwamba Mfalme aondoke, wanafunzi wakapiga kura, wakachagua mbweha, yule mwekundu anayepekua mifuko ya taka alfajiri kwenye mitaa ya Uccle. "Bamekataa mufalme, bamechagua mwizi wa kuku," Maman Couture alisema, lakini alikuwa anatabasamu. Mkuu wa shule, aliyekuwa anaota magazeti kila usiku, aliagiza kila kitu cha Mfalme kiharibiwe, na mwenye kukitunza asaini kwamba kimeharibiwa. Atakayekutwa amehifadhi chochote atafukuzwa kazi, hakuna mjadala. Maman Couture alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alisaini. Kisha akapewa wiki sita za kutengeneza kichwa cha mbweha, na binti akaomba awe wa kwanza kukivaa.

Jumatano moja mchana, watoto wakiwa wameshaenda nyumbani, niliingia kwake na jezi iliyochanika. Kichwa kilikuwa mezani. Masikio ya mbweha yalishasimama, pua ndefu ya waya na karatasi imeshatokeza, nusu imepakwa rangi ya machungwa. Nusu nyingine bado ilikuwa nyeusi. Chini ya pua ya mbweha niliuona mdomo mwekundu.

"Funga mulango, maman," alisema, bila kusimamisha mikono.

Nilifunga. "Ulisaini, Maman! Umesaini kwamba kimeharibiwa!"

"Majani nilitupa. Mifupa nilitupa. Kichwa iko muzima." Akaipiga fremu ya mabegani kofi dogo. "Angalia hii fito. Nani anajua leo kusuka hivi? Banataka kichwa mupya mu wiki sita. Nianzie wapi?"

"Watakufukuza. Umebakiza miezi."

Akaweka brashi chini. "Sikia. Bakitupa, mwaka kesho watasema hakukuwa kitu. 'Mufalme gani? Hatumujue.' Alors miye najua eko humu. Akiwa humu ndani, hawawezi kusema hakukuwa."

"Na yule mtoto? Atakivaa mtoto, Maman. Atatia kichwa chake mle."

Alitazama dirisha, akafuta mikono kwenye koti. "Nitamuambia siku yake," alisema. "Na weye, funga kinywa."

Nilifunga kinywa. Lakini kufunga kinywa kwangu ni kazi ya mwili mzima. Usiku sikulala, mchana sikula. Nilikuwa najiuliza mara kwa mara kama kujua ni sawa na kusaini. Siku ya sikukuu nilitazama utabiri wa hewa kwenye simu tangu saa kumi na mbili asubuhi, maana karatasi na gundi na mvua ya Brussels najua yanavyopatana. Mvua haikunyesha. Binti alitoka na kichwa cha mbweha mabegani, uwanja ukapiga makofi, akacheza. Alicheza vizuri sana. Kisha, katikati ya uwanja, akasimama. Mkono mmoja ukapanda, ukaingia ndani ya kichwa kupitia shingoni, ukakaa humo kwa muda. Kisha mkono ukatoka na mbweha akaendelea kucheza mpaka muziki ukaisha.

Nilimsaidia kukivua. Uso ulikuwa umelowa jasho. Nikamwuliza kama yu mzima.

"Ça va, madame," alisema. "Inanuka gundi."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini baada ya wiki mbili tukatangaziwa kwamba mwandishi wa gazeti atakuja kumpiga picha mbweha wetu kwa karibu, ndani na nje, jinsi alivyotengenezwa. Barua yangu ya mkataba ilikuwa haijaja. Nikaona yote: picha, kashfa, swali la nani alijua, na jina langu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nilijiambia namkinga yule mtoto, nikajiambia hivyo ngazi zote mpaka ghorofa ya pili, nikabisha mlango wa naibu mkuu, nikamwomba asinitaje, nikamwambia atazame ndani ya kichwa cha mbweha.

Walimwita Maman Couture chumba cha walimu kesho yake. Alikuja nacho mikononi, akakilaza mezani kichwa chini. Mimi nilikuwa mlangoni na rundo la karatasi ambazo hazikuwa na kazi. Naibu aliinama. Akaingiza mkono. Akagongagonga. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kipya, kimeshonwa kwa mishono midogo midogo iliyojipanga, na chini ya kitambaa hakuna uso wala mdomo. Hakuna kitu. Naibu aliona haya mpaka masikioni, akaomba radhi.

"C'est tout, monsieur?" Maman Couture aliuliza kama ni hayo tu. Akakisimamisha, akapangusa masikio ya mbweha kwa kiwiko, akatoka. Alipita karibu yangu akanisalimu kama kila siku.

Nilidhani yamekwisha. Lakini shule haina mlango usio na sikio, na kufika jioni kila mtu alijua walichokuwa wanatafuta. Ukurasa wa wanafunzi wa zamani ukafurahi: hata mbweha wao, waliandika, ni Mfalme aliyepakwa rangi, miaka miwili ya kelele za bure. Wakaweka picha ya binti na maneno ya kumdhihaki. Alilia chooni saa nzima, na aliyemshika ni mimi. Alilia begani kwangu. Nilimpigapiga mgongo, nikasema yatapita, na moyoni nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimekaa nguoni mwa watu wawili.

Maman Couture alistaafu mwishoni mwa mwezi wa sita. Alifanyiwa karamu ndogo kantini, akanikumbatia akiaga. Binti hakuja, nikadhani ni mitihani. Barua yangu ya mkataba ilikuja pia.

Nilikutana na Maman Couture tena mwezi wa kumi na moja, barabara ya Chaussée d'Ixelles, kwenye kituo cha basi karibu na Porte de Namur. Alikuwa amekaa na mfuko wa vitambaa mapajani, kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi. Nilitaka kupita. Nasema ukweli, nilishageuza uso kwenye dirisha la duka la simu. Akaniita.

Nilikaa. Tuliongea habari za magoti yake, za kanisa. Kisha akasema, akiangalia barabara, "Mutoto alijua siku ile ile, unajua? Pale kiwanjani. Aliingiza mukono, akagusa midomo."

Na mimi nikaangalia barabara.

"Lundi, Jumatatu yenu, akakuja na kichwa mu mikono. Hakulia. Aliniambia, 'Koko, ungeniuliza.' Neno ile tu. Alikuwa na haki. Nikachukua kisu. Siku tatu tulimutoa Mufalme, kipande kwa kipande, ye ananisomea magazeti ya zamani yenye ilikuwa ndani ya karatasi. Tulicheka hata. Kisha tukashona kitambaa. Tukaahidiana, hakuna muntu atajua, juu bale ba internet bangemumaliza."

Basi moja lilikuja, likaenda. Si lake.

"Kisha bakakuja kutafuta ndani," alisema.

"Maman..."

"Tulikuwa watu batatu tu benye banajua. Miye, ye, na weye. Hesabu si ngumu."

Nilianza kulia pale pale, mbele ya watu wenye mifuko ya sokoni. Nikamwuliza mbona hakunigombeza, mbona alinikumbatia kwenye karamu. Akatoa kitambaa cha mkononi, akanipa, na alikuwa na hasira kidogo sasa, ila si ile niliyoitarajia.

"Futa uso. Ulikuwa na woga. Muntu wa woga namujua. Donc. Mutoto akakuja kuniuliza, 'Koko, nani alisema?' Nikamuambia ni miye. Nikasema ulimi iliniponyoka kanisani."

"Kwa nini, Maman? Kwa nini ulisema hivyo?"

"Miye nilikuwa naenda. Asubuhi mulangoni atakuta nani? Atakuta weye. Amebakiza mwaka muzima mu ile shule. Nimutoe muntu wake wa mwisho?"

Nilimwuliza kama binti huja kumwona.

"Hapana," alisema. "Tangu juin, mwezi wa sita." Akasogeza mfuko, akauweka sawa mapajani ingawa ulikuwa umeshakaa sawa. "Nilimupigia simu siku yake ya kuzaliwa. Hakuitika. Si kitu. Ye eko muzuri?"

Nilisema yuko mzuri, anasoma kwa bidii, amekata nywele. Alitaka kujua zimekatwaje. Nilimweleza mpaka basi lake likaja. Akapanda kwa tabu, goti moja kwanza, na akiwa mlangoni akageuka. "Usimuambie," alisema. "Ahidi." Mlango ulifungwa kabla sijafungua kinywa.

Asubuhi iliyofuata nilifika langoni kabla ya bawabu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno kwenye tramu, kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, na yote yalikuwa yameshanitoka. Watoto wakaanza kuingia. Binti alikuja na wa mwisho, akachomoa kisikilizio cha sikio moja, kama anavyofanya kwangu tu.

"Bonjour madame. Umeamukaje?"

"Koko wako hakusema kitu kanisani," nilimwambia. "Hakusema popote. Aliyesema ni mimi."

Kengele ikalia. Wenzake walimpita kushoto na kulia wakikimbia, lango likawa tupu, na yeye bado amesimama mbele yangu na kile kisikilizio mkononi.